Jino Lisilo na Picha

Dada yangu haniulizi kwa nini naandika blogu. Yeye ana jibu tayari. "Unatafuta mume," anasema, huku anakunja nguo zake kitandani kwangu kana kwamba kwake hakuna kitanda. "Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, umeinamia simu unaandika habari za meno. Kama si mume ni nini?" Nami humwambia kwamba mume niliyekuwa naye alinitosha, Mungu amrehemu, na kwamba mwanaume atakayevutwa na picha za ufizi wa plastiki, mimi mwenyewe nitamkimbia.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Si daktari, tusije tukagombana bure. Daktari ndiye anayekwambia ufungue mdomo, ndiye unayempa mkono ukitoka, ndiye unayemsifia nyumbani. Mimi niko nyuma, chumba cha mwisho kwenye korido ya hospitali, ukishapita wanapofulia mashuka. Nina meza ya bati, bakuli la mpira la kuchanganyia plasta, kitaa cha spiriti cha kuyeyushia nta, na mashine ya kung'arishia ambayo ikiwaka wale wa mashuka wananigongea ukuta. Humo nimekaa miaka ishirini na sita. Nusu ya wazee wa mji huu wanatafuna kwa mikono yangu, nasema bila haya, na hakuna hata mmoja anayeijua sura yangu.

Wala mimi sizijui zao. Ndiyo sheria. Juu ya mlango wangu kuna karatasi iliyopigwa chapa zamani, imekuwa ya njano: FUNDI HAONI MGONJWA. Kwangu inakuja trei yenye kipimo cha kinywa, na kadi. Kadi ina namba, umri, mwanamke au mwanaume, rangi ya meno, na mistari miwili ya daktari yenye mwandiko wa kuku. Namimina plasta kwenye kipimo, nasubiri igande, naibandua, na hapo ninacho kinywa cha mtu mkononi bila mtu mwenyewe. Wakubwa wanasema tukianza kuonana na wagonjwa tutajifanya madaktari. Haya, wamesema wao.

Lakini hebu fikiria. Mshonaji akishona gauni likakaa, watu watauliza, "Nani kakushonea?" Seremala akitengeneza kabati, wageni wataligusagusa. Mimi kazi yangu ikiwa nzuri, haionekani. Ikionekana, nimeharibu. Hakuna mtu atakayesimama ukumbini aseme, "Jamani, meno haya si yangu, mpigieni makofi fundi." Jambo hilo lilinikaa kooni miaka ishirini kama mwiba wa samaki. Siku moja binti yangu alikuja likizo, akanisikia ninavyolalamika, akachoka. Akachukua simu yangu, akanifungulia blogu. Akaniuliza iitwe nini. Nikasema "Chumba cha Mwisho."

Dada yangu akasema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Kizuri changu kimefungiwa ndani ya vinywa vya watu," nikamjibu. "Kitajiuzaje?"

Siku hiyo nilimshinda, na siku za kumshinda dada yangu nazihesabu kwa vidole.

Basi nikaanza kuandika. Majina sikuwahi kuandika, sina hata jina la kuandika, na zile namba za kadi sizitaji. Naandika juu ya kazi: jinsi plasta inavyokukasirikia ukiichanganya haraka ikajaa mapovu, kwa nini rangi ya jino haichaguliwi chini ya taa bali dirishani, namna ya kujua mtu anatafunia upande gani kwa kutazama tu mgongo wa plasta yake. Wasomaji walikuwa arobaini na mmoja. Mwanangu alisema wengine si watu, ni mashine za mtandaoni. Nikamwambia hata mashine ina haki ya kujifunza.

Andiko langu la tatu halikuwa na picha. Lilihusu jino moja tu, la mbele, juu, la mwanaume wa makamo. Nililitengeneza mwaka mmoja kabla sijafungua blogu. Mtu asiyejua atadhani jino moja ni kazi ndogo kuliko kumi na manne. Thubutu! Kumi na manne yanafanana yenyewe kwa yenyewe, yamekubaliana uongo mmoja. Jino moja linakaa bega kwa bega na jirani aliyezaliwa hapo, na jirani hadanganyiki. Huyo jirani alikuwa na doa jeupe dogo kwenye kona, na ufa mwembamba wa rangi ya chai, kama unywele. Daktari wa wakati ule, mtu makini, sasa amestaafu, aliyachora yote hayo kwenye kadi kwa penseli za rangi. Nililitengeneza jino hilo mara nne. Matatu niliyavunja mwenyewe kwa nyundo kwa sababu yalikuwa mazuri tu, hayakuwa yake. La nne nililiweka dirishani, nikalitazama, nikalia kidogo. Nikaja kuandika hivi: "Hii ndiyo kazi bora kuliko zote nilizofanya. Picha siweki. Mwenye jino yuko mahali fulani anacheka nalo, na sitaki mtu amkazie macho."

Maoni sifuri. Hata mashine hazikusema kitu.

Miaka mitano nikaenda hivyo. Halafu zikaja picha. Niligundua kwamba ukiweka picha ya seti nzima, imekaa juu ya plasta nyeupe, jua la asubuhi linaipiga kwa pembeni, watu wanapenda. Mtu mmoja kutoka chuo cha mbali aliandika, "Fundi, wewe ni moto." Niliyasoma maneno hayo mara saba. Wanafunzi wakaanza kuuliza maswali. Nikaanza kuamka nikiangalia simu kabla sijaangalia kama chai imechemka.

Ndipo ikaja kadi ya yule mzee. Mwanaume, miaka sitini na mitatu, seti nzima ya juu. Na chini, kwa mwandiko wa daktari wetu mpya: "Ameomba mwanya."

Nikasoma, nikaguna. Mwanya ni uzuri, nani asiyejua? Nyimbo zimeimbwa kwa ajili ya mwanya. Lakini nikajiambia, mzee wa miaka sitini na mitatu, anapata meno mapya kabisa, anataka tundu katikati la nini? Akiyaona yamenyooka atafurahi mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli wenyewe ulikuwa mwingine, na bila huo hadithi hii haina maana: nilikuwa nataka picha. Mwanya kwenye picha ungeonekana kama fundi amekosea. Nikayapanga meno ya mzee sawasawa, nikayang'arisha mpaka nikajiona ndani yake, nikayapiga picha dirishani.

Waliopenda walikuwa mia mbili na kumi. Mia mbili na kumi! Daktari mwenyewe alikuja hadi mlangoni, yeye ambaye huwa anatuma trei tu. "Fundi, haya ni lulu," akasema. Nikavimba. Jioni nilimwonyesha dada hesabu, akavaa miwani, akatazama, akasema, "Kati ya mia mbili na kumi, mume hakosekani."

Baada ya wiki, meno yakarudi. Kadi ilisema: "Mgonjwa hajaridhika." Nikasugua kidogo pembeni, nikayarudisha. Yakaja tena: "Mgonjwa bado." Nikasugua ndani. Hapo lazima niwaeleze jambo moja la idara yetu. Kwenye korido kulikuwa na ubao mkubwa wenye herufi za buluu: IDARA HII HAIJARUDIA KAZI KWA MIAKA KUMI NA MOJA. Kila Januari mkuu wetu wa idara alikuwa anapanda kiti mwenyewe kubadilisha idadi ya miaka. Wageni wanausoma wanashangaa. Sisi tuliomo tunajua siri yake: haturudii, tunasugua. Mgonjwa akilalamika tunasugua, akilalamika tena tunasugua, mpaka siku moja anachoka kuja, anayaweka meno kwenye glasi nyumbani, na sisi tunasema ameridhika.

Mara ya tatu trei ilipofika, daktari alicheka akasema, "Wazee wana deko, Fundi. Sugua kidogo tu."

Nikashika msasa. Mkono ukakataa. Nikawa nautazama ule mstari wa meno yaliyonyooka, na yale maneno mawili yakawa yananirudia kichwani: ameomba mwanya, ameomba mwanya. Nikavua aproni, nikaitundika, nikatoka kwenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa. Miaka ishirini na sita sikuwahi kulikalia benchi lile. Ni gumu, kwa taarifa yenu.

Sikuhitaji kuuliza nani ni nani. Kulikuwa na mzee mmoja tu aliyefunika mdomo kwa leso, na pembeni yake mama mmoja mnene kidogo, mkoba mapajani. Nikakaa karibu na yule mama.

"Mmekuja kuchukua au kurudisha?" nikauliza.

"Kurudisha," akasema. "Mara ya tatu hii. Mwenzangu, nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na tisa. Sasa hospitali imeniletea mgeni."

"Meno ni mabaya?"

"Aka! Mazuri mno. Ndiyo balaa lenyewe. Kila nikimtazama namwona yule bwana wa kwenye tangazo la dawa ya meno. Juzi nimemwamkia 'shikamoo' kwa bahati mbaya."

Mzee aligeuza uso, mabega yakatikisika kidogo, lakini leso haikutoka. Mama akafungua mkoba, akatoa picha ya siku nyingi, kona zimelika. Kijana mwembamba, koti kubwa kuliko yeye, anacheka mpaka macho yamefunga. Na katikati ya meno yake, mwanya. Hivi mwanya gani ule! Ungeweza kupitisha njiti ya kiberiti.

"Huo ndio ulionimaliza," mama akasema. "Si mimi tu. Huyu ndiye mshereheshaji wa mtaa mzima. Sherehe gani hajashika kipaza sauti? Akicheka yeye, ukumbi unafuata. Tangu apewe haya, hashiki. Anasema watu wataona mzee mzima anajifanya kijana. Mtoto wetu wa mwisho anaolewa mwezi ujao, na baba yake anasema atakaa kimya."

Mzee akashusha leso. Alisema polepole, midomo imebana, kama mtu aliyeazima mdomo. "Niliomba mwanya. Nilimwambia daktari. Labda fundi hakusoma."

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuinuka nikajifanya naitwa. Badala yake nikasikia sauti yangu inasema, "Alisoma, baba. Fundi ni mimi."

Wote wawili walinitazama. Mama akarudisha picha mkobani taratibu. "Sasa kama ulisoma," akasema, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "mbona?"

Unamwambiaje mtu kwamba ulitaka kupiga picha? Nikawaomba radhi, nikawaambia nitafanya kila niwezalo meno yarudiwe, nikaingia chumbani kwangu, na mchana huohuo, mikono ina plasta, nikaandika.

"Wiki chache zilizopita niliwaonyesha meno mkayasifu. Naomba sifa zenu mzichukue. Ni kazi mbaya kuliko zote nilizofanya. Mwenyewe aliomba mwanya, niliona, nikapuuza, kwa sababu mwanya usingependeza kwenye picha. Nilitengenezea picha, sikutengenezea mdomo. Mtu mmoja amepoteza kicheko chake kwa sababu ya blogu hii. Kazi hiyo inapaswa kurudiwa, na anayestahili lawama ni mimi, si daktari."

Nikabonyeza. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikwisha kuzaa, lakini neno hilo nililielewa.

Kesho yake asubuhi mkuu wa idara akaniita.

Huyu bwana tulikuwa tumempa jina, Bwana Kununa, na alikuwa amelifanyia kazi. Alikuwa ameajiriwa kwetu miaka saba, na hakuna aliyewahi kumwona anacheka. Hata kwenye kuagana na wastaafu, watu wanavunjika mbavu, yeye anatikisa kichwa, midomo imefungwa kama bahasha. Anaongea kwa kubana, maneno yanatoka kwa upenyo mdogo. Meza yake ameiweka ili dirisha liwe mgongoni kwake, ukiingia unaona kivuli tu. Tulisema ana maringo.

Alikuwa na simu yangu mezani, yaani blogu yangu kwenye simu yake. "Umesema idara imekosea," akasema.

"Nimesema mimi nimekosea."

"Ni kitu kilekile. Ufute. Nakupa mpaka Ijumaa. Usipofuta, Jumatatu unahamia stoo, utapanga makasha ya glavu. Na yule mzee hatarudiwa. Ubao wetu hauguswi kwa ajili ya mwanya."

Stoo! Nilitoka bila kuaga, nimekasirika. Si kwa ajili ya cheo, sina cheo. Ni ile meza. Miaka ishirini na sita, nikifumba macho najua kila kisu kilipo. Mwanamke aliyetengeneza jino lile akapange glavu, za saizi ndogo huku, za saizi kubwa kule? Nilifika nyumbani nikabamiza mlango mpaka dada akatoka jikoni na mwiko.

Nilipomweleza, hakutania. Aliketi. "Futa, mdogo wangu," akasema. "Wewe umeshatubu, Mungu kasikia, wasomaji wako wamesoma. Blogu haikupi kitu. Meza ndiyo wewe."

Alisema kweli, ndiyo maana nilimkasirikia siku mbili. Alhamisi jioni nikafungua simu, nikaweka kidole palipoandikwa "Futa". Nikapitia maandiko yangu yote, moja baada ya jingine, miaka mitano. Najisifu hapa, najisifu pale, plasta yangu, nta yangu, mikono yangu. Nikaona kitu. Nikifuta hili moja, yale mengine yote yanageuka matangazo. Mtu anayesema mazuri yake tu, nani atamwamini akisema jino la nne lilikuwa bora? Nikaondoa kidole.

Dada alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. "Umefuta?"

"Sijafuta."

"Haya," akasema. "Stoo nako kuna kivuli."

Ijumaa saa nne nikabisha hodi kwa mkuu. Sikuketi. Nikamwambia, "Nimekuja kusema sifuti. Kama ni stoo, niambie funguo ziko kwa nani."

Nilimwona hasira zinampanda. Alisukuma kiti, akainuka, akaanza kutembea nyuma ya meza. "Hivi unajua unachokifanya? Leo umeandika la mzee. Kesho la nani? Kila aliyewahi kupita hapa ataanza kujiuliza kama yumo humo! Kila mtu!" Kwa mara ya kwanza nikamsikia akipaza sauti, na kwa kupaza sauti midomo ikasahau kubana. Alikuwa amefika dirishani, amenigeukia, mdomo wazi, na jua la saa nne linampiga kwa pembeni.

Mimi nachagua rangi za meno dirishani. Macho yangu yamezoea. Yakaenda yenyewe.

Doa jeupe kwenye kona. Ufa wa rangi ya chai. Na pembeni yake, jino la pili: doa jeupe kwenye kona, ufa wa rangi ya chai, mfupi kidogo. Moja alipewa na Mungu, moja nilimpa mimi, na kwa nusu dakika nzima, wallahi, sikujua lipi ni lipi.

"Mbona unanitazama hivyo?" akasema. Halafu akaelewa. Mkono ukaenda mdomoni.

Kule nyuma mashine ya mashuka ilikuwa inanguruma.

"Nani mwingine anajua?" akauliza, sauti imeshuka mpaka sakafuni.

"Mkuu," nikasema, "hata mimi nilikuwa sijui mpaka dakika hii. Kila asubuhi nakusalimia."

Akakaa, mara hii kwenye kiti cha wageni, uso kwenye mwanga. Akaniambia kwamba amesoma kila nilichoandika, tangu mwanzo, kila andiko siku ileile. "Nilikuwa nasubiri siku utakayoniandika," akasema.

"Nilishakuandika. Andiko la tatu."

"Nalijua kwa moyo. Umesema nacheka nalo." Akatazama mikono yake. "Sijawahi kucheka nalo hata siku moja. Nilidhani kila mtu ataona."

Nisiseme uongo: sikumwonea huruma. Nilipandwa na hasira. "Mkuu!" nikasema, na nadhani nilipiga meza. "Jino hilo nimelitengeneza mara nne! Matatu nimeyavunja kwa nyundo! Na wewe umelifungia ndani miaka sita kama vikombe vya wageni kabatini? Unamsubiri mgeni gani?"

Akanitazama. Kitu kikamtikisa kifuani, nikadhani ni kikohozi. Kikapanda. Akajaribu kubana midomo, ikamshinda, na Bwana Kununa akacheka. Alicheka vibaya, kama mashine iliyokaa bila mafuta, anapumua kwa shida, machozi yanamtoka, na jino langu liko mbele ya watu wote, ingawa watu wote tulikuwa mimi tu. Nimepongezwa mara nyingi tangu hapo. Hakuna pongezi iliyofika hapo.

Alipotulia akafuta macho. "Na hili utaliandika?"

"Hapana," nikasema. "Pale naandika kazi zangu, siandiki watu. Wewe kucheka kumenitosha."

Leo nasimulia kwa sababu amestaafu, na mwenyewe aliniambia, "Fundi, sasa simulia." Jina lake hamtalipata kwangu.

Alivuta droo, akatoa fomu ya kurudia kazi. Ilikuwa imepauka, haijatumika miaka kumi na moja. Kwenye nafasi ya sababu aliandika, "Kosa la fundi," akasita, akaniangalia. Nikatikisa kichwa kukubali. Akatia sahihi. Jumatatu nilipofika, ubao wa korido ulikuwa umeshushwa, ukuta umebaki na alama ya mraba safi. Juu ya mlango wangu karatasi ya njano ilikuwepo bado, lakini chini ya FUNDI HAONI MGONJWA mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: "isipokuwa dakika tano, akiomba."

Niliomba. Mzee akaja na mkewe na ile picha. Dakika tano zikawa arobaini, kwa sababu ukimpa mshereheshaji kiti, kiti kinageuka jukwaa. Nilipanga meno kwenye nta, akajaribu, mama akatazama picha, akatazama mumewe, akasema, "Sogeza kidogo, bado hajafika." Nikasogeza. "Bado." Nikasogeza tena, unene wa ukucha.

Mama akamshika mzee kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. "Haya sasa," akasema. "Ulikuwa wapi wewe mwanaume?"

Mzee alicheka. Jamani, kicheko gani kile! Wale wa mashuka wakanigongea ukuta. Na harusini alishika kipaza sauti tangu mwanzo mpaka watu walipomwomba apumzike, mama ndiye aliyeniambia. Picha ya meno yale niliiweka kwenye blogu kwa sababu yeye mzee aliniamuru, mwanya wazi katikati, kama kosa. Waliopenda walikuwa kumi na tisa. Kumi na tisa hao nawajua mmoja mmoja, na siwabadilishi kwa mia mbili.

Miezi miwili ikapita. Jumamosi moja dada yangu, ambaye siku hizi anasoma blogu yangu kwa kificho akidhani sijui, alinijia mbio barazani, miwani imeteleza puani.

"Lile andiko lako la zamani, la jino, lile lisilo na picha. Limepata maoni!"

"Yanasemaje?"

"Mtu hana jina. Kaandika mstari mmoja." Akasogeza simu mbali, akasoma kwa sauti: "'Fundi, siku hizi nacheka nalo.'"

Nikaendelea kuchambua mchele. Ilibidi niendelee, maana macho yalikuwa yameanza kunisaliti.

"Ni nani huyu?" dada akasema, macho yamemtoka. "Niambie. Ndiye mume mwenyewe?"

Nikamwambia simjui. Sisi mafundi hatuoni wagonjwa.